Mashine Mpya na Mnong'ono wa Faustin

Jumatatu, 6 Oktoba

Filamu ya mchana imepita. Wakorea tena. Mapanga, mfalme mgonjwa, mwanamke aliyejificha nyuma ya mlango. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa yanapita chini ya picha kama siafu, nikayaacha yapite. Nimetafsiri mwanzo hadi mwisho bila kuelewa kitu. Mfalme nikamfanya mgonjwa wa mapenzi. Banda zima la sinema likacheka. Mimi ndiye Mondial bwana, kuanzia hapa Mbugangari mpaka ng'ambo ya mpaka hakuna mdomo kama huu. Nimekula ugali wa Bukavu, wa Kigoma, wa Lubumbashi. Picha peke yake inanitosha.

Uongo. Hainitoshi. Leo jamaa mmoja wa benchi la mbele amesema filamu zangu siku hizi zote zina hadithi moja. Amesema akitabasamu, lakini amesema.

Katikati ya filamu sauti ilinikauka. Hapo hapo dirisha dogo likatokea pembeni ya kioo cha mashine ya kompyuta, kama kila siku saa ya kazi: "Mondial, kunywa maji." Faustin ndiye aliyelipanga. Faustin yuko kwenye udongo wa Nyamyumba tangu mvua za Aprili.

Nikanywa. Sijui namna ya kumkatalia.

Kisha mashine ikajizima yenyewe. Imezeeka, imechoka. Miluzi. Nikawamalizia filamu kwa mdomo, ukuta ukiwa mweupe mtupu. Wakapiga makofi. Nimerudi nyumbani na hofu.

Jumanne, 7 Oktoba

Papa Djuma, rafiki yangu muuza simu wa Goma, ameniletea laptop niliyomwagiza. Nyeusi, nyembamba, inang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nimeizungusha mtaa mzima nimeibeba kwa mkono mmoja kama sinia ya hotelini. Mama wa maandazi ameniuliza kama nimeajiriwa benki.

Tatizo: imekuja tupu. Haina sistemu. Ukiiwasha unapata kioo cheusi na kistari cheupe kwenye kona ya juu. Kinapepesa. Kinangoja kiambiwe kiwe nani.

Papa Djuma alitaka kuipiga Windows palepale. Flashi iko mfukoni mwake kama wengine wanavyotembea na kijiti cha meno. Nimemzuia. Nimemwambia mtu wa dunia hachagui sistemu kama anayechagua soksi, donc anipe siku chache. Alicheka, akaniuliza, "Mondial, we unaogopa kompyuta?"

Siogopi kompyuta. Naogopa kilicho ndani ya ile ya zamani.

Niandike hapa, maana hakuna ninayeweza kumwambia. Watu wanaamini Mondial anajua Kiingereza. Aliyejua ni Faustin. Mwalimu wa shule, alisomea Uganda, mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingo. Kanisani kwake sinema ni dhambi, kwa hiyo alitaka asionekane. Alikaa nyuma ya pazia na kipaza sauti chake kidogo, akaninong'oneza maana kwenye hedifoni, mimi nikaipamba na kuipaza. Mnong'ono wake ulijirekodi kwenye faili lake peke yake, ili nikitaka kuirudia filamu nimpate bila kumsumbua. Kazi yetu yote ya miaka iko mle. Hakuna mtu wa bandani aliyewahi kuisikia sauti yake. Mimi tu, ndani ya sikio.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda Mahoko, kwa Shema, fundi wa kompyuta. Mtu mzima, kipara, kiongozi wa kwaya. Aliacha pombe na Windows ndani ya wiki moja ileile, na sasa anahubiri juu ya vyote viwili bila kuvuta pumzi. Linux, Linux, Linux. Ya bure, haikuombi ufunguo, haishiki hovyo virusi vya flashi za watu. Nilimsikiliza kwa heshima zote. Nilikuwa najibu "exactement" hata pale nilipokuwa nimepotea.

Bon. Nilichoelewa ni hiki. Mashine ya zamani inakufa, lakini diski yake ni nzima. Anaweza kuing'oa na kuihamishia ndani ya mpya, nafasi ipo. Mpya ina diski yake ndogo ya kisasa, hiyo ndiyo ya kuwekea sistemu. Ile ya Faustin itakaa pembeni na mafaili yake. Programu tuliyorekodia ni ya Windows ya kale, imenakiliwa na kunakiliwa, na Shema anasema kwenye Windows mpya haitafunguka. Kwenye Linux anayo nyingine inayosoma mafaili hayo.

Nikamuuliza: kwa nini usinipigie Windows ileile ya kale? Kila kitu kikae kama Faustin alivyokiacha. Jina lake wakati wa kuwasha. Dirisha la maji.

Shema akasema inawezekana, kwa taabu kidogo, ila ni sawa na kuvaa shati la marehemu kila asubuhi.

Nimerudi kwa moto, pikipiki ya kukodi. Kofia ya abiria ilinuka vichwa vya Rwanda nzima. Sikujali. Nilikuwa nawaza shati.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama Keza amepita bandani akitoka mpakani, beseni tupu kichwani. Ni mke wa Faustin. Anauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, huko Goma, jioni anarudi Nyamyumba. Hakukaa.

Siku tulipomaliza matanga nilisimama mbele ya ndugu wote nikatangaza kwamba sauti ya Faustin haijapotea. Iko kwangu. Nitaileta yote kwenye flashi, kazi ya nusu saa. Watu walilia. Wengine walinishika mkono. Nilijisikia mkubwa siku ile.

Leo ameniambia jambo. Keza, mtoto wao, hata shule bado hajaanza. Amemuuliza mama yake papa alikuwa anaongeaje. Mama Keza akataka kumwigiza. Akafungua mdomo, haikuja. Maneno ya mume wake anayakumbuka, sauti imemtoka. Amejaribu tena akiwa peke yake njiani, amejaribu akiwa sokoni. Haiko.

"Shemeji," akasema, "ile sauti iko wapi?"

Nikamwambia wiki ijayo. Nikamwonyesha laptop mpya, nikaifungua, nikaifunga. Nikamweleza kwamba bado nachagua sistemu na kwamba hilo si jambo la kukurupuka.

"We unasemaka wiki ijayo kila wiki."

Akaweka beseni sawa kichwani, akaenda zake. Hakugeuka. Nina aibu.

Jumapili, 12 Oktoba

Misa nimeisikia nusu. Kichwa kilikuwa bandani.

Sababu ya kuchelewa naijua. Kuna faili moja sijawahi kulifungua. Wiki ile Faustin alipoanza kuvimba miguu, mimi nilikuwa Goma, kwenye harusi, nimealikwa kuchekesha watu. Akaja bandani peke yake. Akaketi nyuma ya pazia, akanong'oneza filamu nzima bila mimi, ili nikirudi nikute kazi tayari. Kesho yake akaenda hospitali. Hakutoka.

Faili lipo. Nimeshalifikia na mshale, kidole kiko juu, nikarudisha mkono. Kwa sababu mpaka sasa bado ana maneno ambayo hajaniambia. Nikimsikiliza mpaka mwisho, basi. Hatakuwa na jipya tena.

Na Shema akihamisha vitu lazima atafungua, ajaribu kama vinasikika. Mama Keza akipata flashi atasikiliza yote, ataniuliza juu ya hiyo ya mwisho. Ndiyo maana nachagua sistemu kama mtu anayechagua mke.

Jambo lingine, na hili silipendi hata kuliandika. Nikiwa natafsiri, kabla ya kila sentensi nasikia pumzi kwenye hedifoni. Fupi. Ya mtu anayetaka kuanza kusema. Hedifoni yenyewe haijachomekwa popote. Naivaa kwa mazoea tu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimechagua. Linux. Si kwa mahubiri ya Shema. Ni lile beseni lililokuwa linakwenda bila kugeuka.

Shema amekuja na bisibisi zake. Ameipindua mashine ya zamani juu ya meza, amefungua mgongo, amechomoa diski ya Faustin na kuipangusa kwa shati lake. Kitu kidogo, unaweza kukifunika kwa kiganja. Nikaomba niishike kidogo. Ina uzito. Akaiingiza ndani ya mpya, akafunga.

Nikamuuliza kama dirisha la maji litahamia nayo. Akasema hapana, lile lilikuwa linaishi ndani ya sistemu ya zamani. Sauti zitahama, dirisha litabaki. Nikasema sawa, kwa sauti nene.

Alitaka kumaliza leoleo, lakini diski ya kunakilia amemwazima mtu wa kwaya. Ataileta Jumamosi baada ya mazoezi. Kwanza nakala ya vitu vya Faustin, kisha ndipo sistemu. Flashi ya Linux ameniachia nimtunzie. Ameniambia nisiguse kitu. Nikamuuliza ananiona mimi nani.

Saa ya kazi ilifika. Hakuna dirisha. Nimekaa na glasi ya maji mbele yangu, koo kavu, na sikunywa. Nilikuwa nangoja kuambiwa. Mtu mzima na ndevu zangu.

Halafu nimeiwasha laptop mpya, nione tu. Kioo cheusi, kistari. Lakini ndani diski ya Faustin ikaanza kuzunguka. Ikavuma, ikatulia, ikavuma tena. Kama mtu anayesafisha koo. Nimeifunga haraka, nikatoka nje kusimama kwenye jua.

Jumatano, 15 Oktoba

Banda limefungwa. Watu wanagonga mlango wakipita, wanauliza kama nimekufa.

Papa Djuma amepiga simu kunipa habari za Goma. Wanasema mashine imemshinda Mondial. Wanasema kuna kijana huko mtaa wa Katindo anatafsiri sasa, na huyo anasikia Kiingereza kweli, si cha kubahatisha. Papa Djuma hasemi kwa ubaya, anasema kwa utamu, ndiyo mbaya zaidi.

Nimemjibu waje wote Ijumaa, nafungua. Ilinitoka kabla sijafikiri. Kama vyote.

Ijumaa, 17 Oktoba

Niandike upesi.

Banda lilijaa. Mpaka watu wa Goma walikuja, Papa Djuma kawaleta. Nikaunganisha laptop na projekta, kistari cheupe kikatokea ukutani, kikubwa kama rungu. Nikawaambia leo hakuna Wakorea. Leo mtaona mashine inazaliwa, na mkunga ni Mondial. Nikachomeka flashi ya Shema.

Ikauliza lugha. Kifaransa kilikuwepo. Kifaransa nakisoma bila shida, nimekulia nacho Goma. Lakini macho yote yalikuwa ukutani. Mfasiri wa Kiingereza achague Kifaransa mbele ya watu wake? Nikabonyeza Kiingereza. Watu wakaguna kwa heshima.

Basi nikafanya kazi ninayoijua. Natazama picha, natunga. Kila ukurasa uliokuja nikautafsiri kama filamu. Hapa askari wa mpaka anamuuliza kijana amebeba nini. Hapa kijana anamjibu kwa jeuri. Walicheka mpaka benchi la nyuma likaanguka. Nilikuwa na raha, raha ambayo sikuwa nayo tangu Aprili. Ikafika mahali pa diski mbili, ndogo na kubwa. Nikasema: hapa baba mkwe anauliza, wewe kijana unataka shamba lipi? Mondial hachukui dogo. Nikabonyeza kubwa. Likaja onyo, refu, lina pembetatu. Nikasema: hapa baba mkwe analia kwa furaha. Nikabonyeza tena.

Makofi.

Mstari ukajaa polepole. Sistemu ikafunguka, nzuri, imejaa rangi ukuta mzima. Watu wakasimama. Nikasema sasa tuweke filamu, nikaenda kutafuta mafaili ya Faustin. Nikafungua hapa, tupu. Nikafungua pale, tupu. Ile ndogo haikuwa na kitu tangu kiwandani. Kubwa ndiyo ilikuwa ya Faustin.

Nikawaambia kuna hitilafu ya umeme, waende nyumbani. Walitoka bado wanacheka, wananigonga mgongoni.

Nimemfuta.

Jumamosi, 18 Oktoba

Shema alikuja moja kwa moja kutoka kwenye kwaya, diski ya kunakilia mkononi, anaimba. Nilimweleza akiwa bado mlangoni. Wimbo ukakatika.

Hakunigombeza. Ningependa anigombeze. Alikaa, akabonyeza bonyeza, akaisoma mashine kwa muda mrefu, kipara kikitoa jasho. Kisha akaniambia polepole, kama anayemweleza mgonjwa. Sistemu imekaa juu ya vitu vya Faustin. Palipokaliwa pamekwenda, hapo hata maombi hayasaidii. Lakini diski ni kubwa, sistemu ni ndogo. Chini yake bado kuna vitu, vimepoteza majina yao tu. Kuna programu ya kuvichimba. Vitatoka vipande. Labda.

Akaizima. Akaing'oa diski, akaifunga ndani ya leso, akasema kuanzia sasa pasiandikwe juu yake hata herufi moja. Ameondoka nayo Mahoko.

Kabla ya kutoka aliniuliza kama mke wa marehemu anajua. Nikamshikia mlango.

Laptop iko mezani haina kitu tena. Siivumilii kuitazama, nimeifunika kwa koti. Nyumba iko kimya kwa namna mpya. Ile pumzi ya kwenye hedifoni nimeitega leo, kwa kusudi, nimekaa nimeivaa. Haipo. Nilidhani nitafurahi. Nimelia kama mtoto.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nyamyumba.

Kwenye moto, nyuma ya dereva, nilikuwa natunga. Radi. Huku kwetu radi inaaminika, kila mtu ana jirani aliyeunguziwa redio. Radi imepiga banda, imepitia waya, imeingia kwenye diski. Nilikuwa na ngurumo, nilikuwa na moshi, nilikuwa na mimi mwenyewe nikirushwa ukutani. Hadithi safi. Moja ya bora zangu.

Nilimkuta uani anaanika sambaza juu ya wavu, anazitandaza kwa kiganja. Keza amelala ndani. Ziwa limetulia, mvuke wa chemchemi za maji ya moto unapanda upande ule. Nikafungua mdomo niseme radi. Nikasema yaliyotokea. Yote, na baba mkwe, na shamba.

Hakuacha kutandaza. Aliendelea mpaka wavu ukajaa. Kisha akauliza, bila kuniangalia:

"Watu walicheka?"

Nikasema walicheka.

"Walicheka sana?"

Nikasema sana.

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepata hesabu yake. Nikaanza kumwambia habari ya Shema, kwamba vipande vinaweza kupatikana. Akaniinulia kiganja, kimejaa magamba.

"Rudi kwako, Mondial."

Hakuniita shemeji. Nimetembea kwa miguu mpaka barabara kubwa, moto zinapita, zinapiga honi, sikusimamisha hata moja. Nimemchukia mtu mmoja tu leo, na nimetembea naye njia nzima.

Alhamisi, 23 Oktoba

Shema amepiga simu. Nilikwenda mbio na laptop kwapani, hata mlango sikufunga.

Vimetoka. Si vyote. Ni vipande, vingine virefu, vingine vya kupepesa jicho. Majina hayapo, badala yake kuna namba. Hakuna ajuaye kipi ni cha filamu ipi. Shema alinipa hedifoni yake, akaenda kukaa mbali, akajifanya anafagia.

Faustin alikuwa hapo. Sauti yake ya kuwaogopa majirani.

"Huyu ni dada yake, Mondial. Si mke wake. Dada." Kikakatika. Kingine: "Subiri. Anamdanganya. Usiwaambie watu bado." Kingine, anakohoa, anaomba radhi, anaendelea. Kingine: "Hapa hawasemi kitu. Wanaangalia mvua tu. Acha waangalie." Nakumbuka mvua ile. Nilitia vichekesho pale, watu wakafurahi.

Nikatafuta ya mwisho. Nikasikiliza mpaka masikio yakauma, nikitegea sauti ya mgonjwa, nikitegea aniage. Siwezi kuijua. Labda ilikuwa pale sistemu ilipokaa, imekwenda. Labda nimeisikia asubuhi hii, kipande kimoja baada ya kingine, nikaipita bila kuitambua. Hakuaga mtu humu. Anafanya kazi tu. Anasema huyu kaingia, huyu katoka.

Nilimuuliza Shema kama anaweza kujua. Akaegemea fagio lake. Akasema mashine haijui, na yeye hajui.

Siku zote niliogopa neno la mwisho. Sasa linaweza kuwa lolote kati ya haya. Sina la kufanya nalo. Inaniuma, na bado inauma kidogo kuliko nilivyodhani.

Tulipiga sistemu upya, mara hii kwenye diski ndogo. Shema ndiye aliyebonyeza. Ilipouliza lugha akanigeukia. Nikasema weka Kifaransa. Vipande vyote ameviweka mara tatu, mahali patatu tofauti. Kwangu, kwake, na kwenye flashi nyekundu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimemtuma mama wa maandazi, ambaye ana dada yake Nyamyumba, ampelekee Mama Keza neno. Kwamba sauti imepatikana, nusu. Kwamba naweza kutuma flashi kwa mtu mwingine kama hataki kuniona.

Jibu limekuja na dada huyo jioni. Hana kompyuta ya kuchomeka flashi. Nije na mashine. Kesho, baada ya kanisa.

Hakuna neno lingine. Nimeuliza mara mbili kama hakuna lingine.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimevaa shati jeupe. Nimeenda na laptop kifuani, ndani ya koti, kwa sababu ya manyunyu. Dereva wa moto alinitambua, akataka nimwigizie mfalme wa Korea. Nikamwambia leo nina mafua.

Mama Keza alinipa kiti. Yeye akakaa kwenye mkeka na Keza mapajani, bado yuko na gauni la kanisani. Hakunisalimia sana, hakunitukana. Nikaweka laptop juu ya kigoda. Ikawaka bila kelele, haina diski ya kuvuma sasa. Nikafungua kipande kirefu kuliko vyote. Sikijui ni cha filamu gani.

Faustin akaanza kuzungumza.

Mama Keza alishika mdomo kwa mkono wote. Mimi moyo ukanienda mbio, na nikienda mbio nasema. Nikaanza kumweleza kwamba hapa nadhani ni ile ya Wahindi, hapa kijana anarudi kwao baada ya miaka mingi, hapa bila shaka mama yake hamtambui, na hapa mimi nilikuwa nasema—

"Shemeji," akasema. Taratibu. "Nyamaza kidogo. Tumusikie."

Nikanyamaza.

Sijawahi kumsikia hivyo. Miaka yote nilikuwa namsikia huku nasema juu yake. Anapumzika kati ya maneno. Anacheka peke yake puani, kidogo, anapoona kitu kizuri kwenye picha, kabla ya kukisema. Sikuwa najua. Anasema mtu yuko mlangoni. Anasema mtu ana begi. Anasema, ngoja, ngoja, anamwangalia.

Keza alikuwa ameinama mpaka uso unakaribia kugusa mashine. Akamgeukia mama yake.

"Anaongea na nani?"

Mama Keza akanionyesha kwa kidevu.

Mtoto akaniangalia. Akangoja niseme kitu. Sikusema. Manyunyu yalikuwa yanagonga bati, na Faustin alikuwa bado anaendelea.